Nani Anasoma Ripoti za Karao?

Kuna swali moja kwenye fomu ambalo limenikaa kichwani kuliko filamu na kitabu nilivyokuja kuvizungumzia hapa. Liko kwenye fomu ambayo polisi wa Oakland, California, hujaza wakimsimamisha mtu barabarani. Linauliza, kwa maneno machache: je, ulikuwa na taarifa yoyote mahususi inayomhusisha mtu huyu na uhalifu kabla ya kumsimamisha? Ndiyo ama hapana. Weka alama, endelea na kazi.

Mwaka 2017 polisi wa mji huo walisimamisha watu mara 32,000 hivi. Mwaka uliofuata, swali hilo likiwa ndani ya fomu, wakasimamisha mara 19,000 hivi. Kwa watu weusi peke yao idadi ilishuka kwa asilimia 43. Jennifer Eberhardt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyefanya kazi na idara hiyo, amelieleza jambo hili mara kadhaa, na maelezo yake ni mepesi ajabu: mtu akijua ataulizwa sababu, anaitafuta sababu kabla ya kutenda. Asipoipata, mara nyingi anaacha.

Sasa jiulize filamu ingeonyeshaje kitu kama hicho. Mtu elfu kumi na tatu ambao hawakusimamishwa. Wanapita tu, wanaenda nyumbani, wanakula, wanalala. Hakuna king'ora, hakuna damu, hakuna mama analia mbele ya kamera. Hapo ndipo shida yangu inaanzia, kwa sababu mimi ni mtu wa hadithi, na nilienda Oakland (kwa macho tu, nauli sina) nikitafuta hadithi.

Kwa wale ambao Oakland kwao ni basketiboli na muziki, hebu nianze na Tupac. Oktoba 1991, kabla jina lake halijajaa dunia, alisimamishwa na polisi wa mji huo kwa kosa la kuvuka barabara pasipofaa. Akaishia chini kwenye lami. Aliwashtaki, na kesi ikamalizwa kwa malipo nje ya hukumu. Miaka 25 kabla yake, mwaka 1966, Huey Newton na Bobby Seale walikuwa wameanzisha chama cha Black Panther kwenye mji huohuo, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwafuata polisi mitaani na kuwatazama wakifanya kazi. Kuwatazama tu, bunduki zikiwa mkononi na kitabu cha sheria kikiwa karibu. Kwa hivyo watu wa Oakland walianza kitambo kuuliza nani anawachunga hawa wachungaji.

Halafu ikaja mwaka 2000. Kurutu mmoja, Keith Batt, alitoka chuo cha polisi akapelekwa zamu ya usiku Magharibi mwa Oakland, kwenye kikundi cha maafisa waliojulikana kama Riders. Alidumu wiki mbili hivi. Aliona watu wakipigwa, wakiwekewa dawa za kulevya, na ripoti zikiandikwa kwa uongo. Yeye mwenyewe akaagizwa aandike uongo. Akaacha kazi na akasema kila kitu. Maafisa wanne walishtakiwa. Mmoja alitoroka. Watatu waliobaki walifikishwa mahakamani mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyetiwa hatiani.

Kwenye hadithi za kawaida hapo ndipo tunaposonya na kuzima televisheni. Lakini kulikuwa na kesi ya pili, ya madai. Watu 119 walikuwa wameushtaki mji. Mwaka 2003 mji ukakubali kulipa karibu dola milioni 11 na, la maana zaidi, kutia sahihi mapatano yenye majukumu zaidi ya 50. Ukiyasoma hayo majukumu usingizi unakuja: jinsi ya kupokea lalamiko la raia, muda wa kulichunguza, jinsi ya kuandika ripoti nguvu ikitumika, sajini mmoja asimamie maafisa wangapi. Jaji wa mahakama ya shirikisho, Thelton Henderson, akabaki na faili, na mwangalizi huru akapewa kazi ya kupima kila jukumu na kumwandikia jaji ripoti. Mpango ulikuwa miaka mitano hivi. Imepita zaidi ya 20.

Peter Nicks aliingia hapo mwaka 2014 na kamera. Filamu yake, The Force, ilitoka mwaka 2017 na ikampa tuzo ya uelekezaji kwenye tamasha la Sundance, upande wa filamu za hali halisi za Marekani. Niliitazama mara ya kwanza kwa laptopu ya jirani, stima ikapotea mara mbili, na bado sikuiacha. Nicks hana msimulizi. Hamkalishi mtu kwenye kiti akueleze maana ya ulichoona. Anakaa nyuma ya gari la doria, anakaa darasani na makurutu, anasimama pembeni kwenye mikutano ambapo wakazi wanapiga kelele, na anakuachia wewe. Kama umekulia mahali ambapo sauti nzito ya mtangazaji hukuambia karao ni mbaya ama ni shujaa kabla hujamwona, utulivu huo ni kama kupewa kiti na maji.

Na makurutu wake wanavutia, nikubali. Vijana wa rika langu, wengine wametoka mitaa hiyohiyo, wanaelezwa darasani kwamba idara yao iko chini ya jaji na kwamba watu watawachukia kabla hawajafungua mdomo. Unawaona wakijaribu kubeba hilo. Mkuu wao, Sean Whent, si msee wa mbwembwe. Anaongea kama mhasibu. Miaka hiyo mambo yalikuwa yanaonekana kusonga: kamera za kifuani zilikuwa zimeenea, risasi za polisi zilikuwa zimepungua, na majukumu mengi ya mapatano yalikuwa yamepigiwa alama ya kutimizwa. Unahisi filamu ikijipanga kuelekea mwisho mzuri. Unasikia karibu mlango ukifunguliwa.

Kumbe huku nyuma, Septemba 2015, afisa mmoja alikuwa amejiua na kuacha barua. Barua hiyo iliwaelekeza wapelelezi wa idara kwa msichana ambaye maafisa kadhaa walikuwa wamemtumia kingono, mengine yakianza kabla hajafikisha miaka 18. Wapelelezi wakaligusa jambo hilo juujuu na kuliweka kando. Uchunguzi ulioamriwa na korti baadaye ulisema hivyo waziwazi. Machi 2016 jaji Henderson akatoa amri fupi iliyosema kuna kasoro kwenye uchunguzi fulani wa ndani, na akamtaka mwangalizi ausimamie. Mwezi Juni habari zikalipuka. Whent akaondoka. Aliyemrithi akadumu chini ya wiki moja. Aliyefuata naye akaachia ngazi. Wakuu watatu ndani ya siku tisa, na mwishowe idara ya polisi ikawa chini ya raia, msimamizi mkuu wa shughuli za mji, kwa muda.

Kwa mtengeneza filamu hiki ni kisanga. Una miaka miwili ya picha za watu wanaojaribu, halafu dakika za majeruhi unaambiwa mchezo haukuwa huo. Nicks hakuificha aibu, aliiweka ndani. Lakini sehemu hiyo ya mwisho inapita mbio, mikutano na waandishi wa habari ikifuatana kama matangazo ya biashara, na ukimaliza unabaki na hisia kwamba umelaghaiwa, hujui na nani. Wakosoaji wengi waliliona hilo kuwa kasoro. Mimi, baada ya kuitazama mara tatu, naliona tofauti kidogo. Kasoro iko mapema zaidi, iko kwenye kamera yenyewe na mahali ilipochagua kukaa.

Kamera ilikaa na polisi. Iliona walichofanya mbele yake, na mbele ya kamera hata mimi nasalimia wazee vizuri. Haikuweza kukaa na karatasi. Na kitu kilichoiangusha idara hiyo Juni 2016 kilikuwa karatasi: barua ya marehemu, faili la uchunguzi lililofungwa haraka, na jaji ambaye alisoma na kusema hapana, hii haijakaa sawa. Tukio kubwa kuliko yote kwenye kipindi kile ni mzee wa miaka zaidi ya 80 akisoma. Mwonyeshe huyo kwenye skrini kubwa uone kama kuna mtu atabaki ukumbini.

Lakini Nicks mwenyewe alishawahi kufanya jambo gumu kama hilo. Filamu yake ya kabla ya hii, The Waiting Room ya mwaka 2012, iko kwenye hospitali ya umma ya Oakland, na karibu yote ni watu wakingoja. Alichukua picha kwa miezi akazishona zikaonekana kama siku moja, na kungoja kukawa ndiyo hadithi yenyewe. Tunajua foleni za hospitali, tunajua ile kadi ya nambari inavyolowa jasho mkononi. Alijua basi kwamba kungoja kunaweza kutazamwa. Alipofika kwa polisi alisahau, akatafuta safari yenye kituo cha mwisho, wakati watu 119 wa kesi ile walikuwa kwenye foleni tangu mwaka 2003 na hakuna aliyewaitia nambari yao.

Kitabu kinajaribu kujaza pengo hilo. Ali Winston na Darwin BondGraham ni waandishi wa habari waliofuatilia polisi wa Oakland kwa zaidi ya muongo mmoja; taarifa zao kuhusu kashfa ya msichana yule ziliwapa tuzo ya George Polk. Mwaka 2023 walichapisha The Riders Come Out at Night. Ni kitabu kinene, na hakibembelezi. Majina ni mengi mpaka nilianza kuyaandika kwenye ukurasa wa nyuma, nikakosa nafasi. Kuna mahali niliruka kurasa, nikarudi kwa aibu. Wanarudi nyuma mpaka miaka ya 1920, wakati Ku Klux Klan ilipokuwa na watu wake ndani ya serikali ya mji na polisi, wanapitia Black Panther, wanafika kwa Keith Batt na usiku wake wa kwanza kazini, halafu wanaendelea, na wanaendelea, mpaka maandamano ya Occupy ya Oktoba 2011 ambapo askari mstaafu wa vita vya Iraki alipasuliwa fuvu na kombora la polisi, na mbele zaidi.

Nilipokuwa katikati nilikuwa nalalamika: jameni, mhariri alikuwa wapi? Nilipomaliza nikaona uzito ule una kazi yake. Hiki ndicho kitabu pekee nilichosoma kuhusu polisi kinachokufanya uchoke kwa njia sahihi. Unachoka kama wakazi walivyochoka. Mkuu mpya anaapishwa, anaahidi. Ukurasa wa 30 mbele ameondoka. Mwangalizi anaandika kwamba majukumu kadhaa yametimizwa. Robo mwaka inayofuata mengine yamerudi nyuma. Mwaka 2012 mawakili wa walalamishi walikuwa tayari kumwomba jaji aichukue idara nzima na kuiweka chini ya mtu wa korti, kama vile kampuni ya sukari ya Mumias ilivyokuja kuwekewa meneja mrasimu hapa kwetu mwaka 2019. Mji ukajiokoa dakika ya mwisho kwa kukubali mkurugenzi wa utekelezaji aliyewajibika kwa jaji na si kwa meya. Fikiria hilo: idara ya polisi inayotajwa kwenye sentensi moja na kiwanda kilichofilisika.

Ugomvi wangu na kitabu uko kwa Batt. Waandishi wanamhitaji, ninaelewa. Kitabu cha kurasa nyingi kinahitaji moyo, na kijana aliyekataa kuandika uongo ni moyo mzuri. Lakini ujasiri wake ulichukua wiki mbili. Miaka 20 iliyofuata haikuendeshwa na ujasiri. Iliendeshwa na mawakili wawili wa walalamishi, John Burris na Jim Chanin, wakirudi kortini tena na tena na faili lilelile, na na majaji wawili, Henderson halafu William Orrick aliyelipokea mwaka 2017, waliokataa kusema kazi imeisha. Kitabu kinawataja, tena kwa heshima, ila kinawaandika kama watu wa pembeni. Natamani riwaya ambayo Chanin akifungua bahasha ndiyo sura ya kwanza.

Kuna andiko la tatu, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, ingawa halikuandikwa kwa ajili ya watu kama mimi. Ni makala ya kitaaluma ya mwaka 2017, mwandishi wake wa kwanza akiwa Rob Voigt, na Eberhardt yumo. Kwa sababu ya mapatano yale ya korti, Oakland ilibidi ikusanye taarifa za kila anayesimamishwa, na kamera za kifuani zilikuwa zimerekodi. Watafiti wakachukua mazungumzo ya mwezi mmoja, Aprili 2014: magari 981 yaliyosimamishwa, maafisa 245. Wakayaandika yote, neno kwa neno. Halafu wakauliza swali la mtu wa fasihi: polisi wanamwita nani nini?

Mwenye gari mzungu alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuitwa bwana ama bibi, kuitwa kwa jina la ukoo, kuombwa radhi kwa kucheleweshwa, kuambiwa aendeshe salama. Mweusi alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuitwa kwa jina lake la kwanza, ama lile jina la kishkaji ambalo kwetu lingekuwa "ndugu yangu" la mtu asiyekujua, na kuambiwa aweke mikono kwenye usukani. Kwa hesabu zao, mzungu alikuwa na nafasi kubwa zaidi kwa asilimia 57 ya kusikia maneno yenye heshima ya juu kabisa, na mweusi kwa asilimia 61 ya kusikia yale ya chini kabisa. Na haya hayakuwa magomvi. Yalikuwa mazungumzo ya kawaida ya watu waliosimamishwa barabarani, wengi wao wakaachiliwa waende zao.

Nilisoma hiyo makala nikakumbuka usiku mmoja wa mwaka 2019. Nilikuwa natoka masomo ya jioni na rafiki yangu anayefanya kazi benki, yeye kwa suti, mimi na kofia na begi. Karao wawili wakatoka kwenye giza la kando ya duka. Kwa rafiki: "Bosi, habari ya jioni." Kwangu: "Wewe mrefu, kuja hapa." Sekunde nne za lugha, na tayari sote wanne tulijua nani atatoa kipande na nani atasubiri pembeni akiangalia simu yake. Nilipekuliwa begi. Vitabu vikawekwa chini. Mmoja akafungua kimoja akasoma jina la mwandishi kwa sauti, akacheka. Nikaulizwa nina kitu kidogo cha chai. Nikasema sina. Ikachukua dakika kumi na tano hivi, halafu nikaambiwa "haya, potea."

Hakuna kilichotokea, ukipenda kusema hivyo. Hakuna jeraha, hakuna OB, hakuna kesho yake. Rafiki yangu mpaka leo anasema nilikuza mambo. Lakini kinachoniuma kila nikikumbuka si begi wala kicheko. Ni kwamba hakuna karatasi yoyote popote duniani yenye usiku ule. Mtafiti akija na kompyuta zake zote hataupata. Jaji hawezi kuusoma. Oakland mtu akiitwa "wewe mrefu", kuna uwezekano kwamba maneno hayo yamo mahali, na mtu mwenye mshahara amelazimishwa na korti kuyasikiliza.

Ndiyo maana siungani na wale wanaosema mapatano ya Oakland yameshindwa kwa sababu hayaishi. Hoja hiyo ina nguvu, nisiikwepe. Mji umelipa mamilioni ya dola kwa waangalizi, na mwangalizi anayelipwa kwa kutazama hana haraka ya kusema ameona vya kutosha. Wakazi wengi wa Oakland wamelisema hilo, na wakuu wa polisi wamelisema kwa hasira zaidi. Mwaka 2022 jaji Orrick alikuwa ameuweka mji kwenye mwaka wa mwisho wa majaribio, mlango uko wazi kabisa. Januari 2023 ikatoka ripoti kuhusu jinsi idara ilivyoshughulikia sajini aliyegonga gari lililoegeshwa akaondoka, na aliyefyatua risasi ndani ya lifti ya makao ya polisi. Mkuu wa polisi, LeRonne Armstrong, akasimamishwa na mwezi uliofuata akafutwa na meya. (Meya aliitwa Sheng Thao. Ndiyo, Sheng. Nilicheka peke yangu.) Armstrong na wafuasi wake wakasema wazi kwamba kosa lilikuzwa ili mwangalizi abaki na kazi.

Gari limegongwa kwenye maegesho, hakuna aliyeumia, na mji unarudishwa nyuma? Ukisikia hivyo unaona ujinga. Lakini soma tena jinsi barua ya mwaka 2015 ilivyozikwa, halafu usome hili la lifti, na utaona mkono ni mmoja: wapelelezi wa ndani wanaona kosa la mwenzao, wanaliandika kwa maneno laini, wanafunga. Kubwa na dogo yanapita kwenye faili lilelile kwa mwandiko uleule. Riders nao walikuwa hivyo, ukikumbuka. Kilichomfukuza Batt kazini kilianza na kipigo, na kikaishia kwenye kuambiwa aandike kipigo hakikutokea.

Kwetu kuna mlango kama huu, na ni mpya. Mwaka 2021, kwenye kesi ya Mitu-Bell, iliyohusu watu waliobomolewa nyumba zao karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba katiba inamruhusu jaji, inapostahili, kutoa amri na kubaki nayo, akiitisha ripoti za utekelezaji badala ya kufunga faili siku ya hukumu. Mawakili wanalijua hilo vizuri. Sisi wengine tunamjua jaji kwa siku moja ya drama. Septemba 2024 jaji Lawrence Mugambi alimhukumu kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, kifungo cha miezi sita kwa kupuuza wito mara saba, kwenye kesi ya watu watatu waliopotea Kitengela. Tulishangilia mitandaoni kama goli la dakika ya tisini. Siku chache baadaye walinzi wa jaji wakaondolewa, Jaji Mkuu akalalamika hadharani. Halafu Masengeli akafika kortini, akaomba radhi, kifungo kikaondolewa. Wale watatu walishapatikana wakiwa hai wiki hiyo. Na timeline yangu ikahamia kwa jambo lingine kabla ya wikendi.

Sisemi jaji alikosea. Alifanya kilichowezekana na alikilipia. Nasema sisi kama watazamaji tulitaka filamu ya Nicks. Tulitaka kituo cha mwisho. Ni wangapi kati yetu tungefuata kesi hiyo kama ingekuwa ripoti ya kila robo mwaka, kurasa 40, jedwali la muda wa kujibu malalamiko kwa kila kituo? Mimi mwenyewe najitilia shaka, na nimetoka kukiri kwamba niliruka kurasa za Winston na BondGraham.

The Force bado inafaa kutazamwa, hasa na mtu aliye na ndugu kazini. Kuna upole ndani yake kwa wale makurutu ambao sijauona kwingine. Kitabu kisome polepole, na penseli. Makala ya Voigt na wenzake haina bei, iko wazi mtandaoni, na ukiruka hesabu utabaki na kitu kama tamthilia fupi ya sauti za barabarani, kila mstari mtu mmoja ameshika leseni ya mwingine.

Nami nimebaki na ile fomu. Nimejaribu kuijaza kwa niaba ya wale karao wawili, usiku ule, kando ya duka. Saa: tatu kasorobo. Jinsia: mwanamume. Kilichopatikana: vitabu vitatu, chaja, mkate nusu. Halafu nafika kwenye swali lile, kama kulikuwa na taarifa yoyote iliyowaleta kwangu na si kwa mwenye suti, na kalamu inakaa hapo kati ya ndiyo na hapana. Ningetoa pesa nzuri kujua wangeweka alama wapi.